Mume wangu haonyeshi kunitambua nikikaa kushoto kwake: ni kiburi au ni ubongo?

SWALI

Kwako Mshauri,

Salamu nyingi. Nimesitasita kwa muda mrefu kabla ya kuandika barua hii, kwa sababu jambo lenyewe linagusa heshima ya mume wangu, nami sikuzoea kumsema nje ya nyumba yetu. Ana umri wa miaka 58. Alfajiri moja, miezi minne iliyopita, nilimkuta ameanguka kando ya kitanda, uso umepinda na mkono na mguu wa kushoto vimelegea. Hospitali walituambia ni kiharusi, kwamba bonge la damu liliziba mshipa unaolisha nusu ya kulia ya ubongo, na kwamba sehemu iliyoumia zaidi iko juu na nyuma kidogo ya sikio. Alilazwa, akatibiwa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kinachonichanganya ni kwamba anazungumza vizuri kabisa. Anakumbuka walimu wake wa shule ya msingi, anakumbuka nani alikuja jana na alisema nini, na anafuatilia taarifa za habari kuliko mimi. Kila anayekuja kumjulia hali huondoka akishukuru Mungu kwamba akili haikuguswa. Wageni wakishatoka, mimi ndiye ninayebaki na mtu nisiyemjua.

Anakula chakula cha upande wa kulia wa sahani tu, kisha analalamika kwamba nimempunja. Nikiizungusha sahani, anakula kilichobaki na kunishukuru kwa kumwongezea. Ananyoa shavu la kulia, la kushoto analiacha na ndevu. Shati analivaa mkono mmoja na kuona amemaliza. Nikikaa kulia kwake tunazungumza, lakini nikihamia kushoto hanijibu, au hujibu huku akitazama upande wa pili kana kwamba anamhutubia mtu mwingine. Siku moja nilimsalimia kutoka kushoto, nikarudia, akanyamaza. Kisha akamwuliza dada yake, aliyekaa kulia, mimi nimekwenda wapi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Mawifi zangu wamelichukua hilo kuwa ushahidi kwamba amenichoka.

La kutisha zaidi ni mkono wake wa kushoto. Nilipouinua nimwoshe, aliniambia niuondoe kitandani kwa sababu si wake. Nilipomwuliza ni wa nani, akasema ni wa ndugu yake. Akiulizwa kama anaweza kutembea, anasema anaweza, na ameanguka zaidi ya mara moja kwa kuinuka peke yake. Sauti yake imekuwa kavu, haipandi wala haishuki. Niliwahi kulia mbele yake, akanitazama, akaniomba nimwongezee sauti ya redio. Anaweza kukaa kutwa nzima bila kuanzisha jambo lolote, halafu akafoka kwa kitu kidogo.

Naomba unieleze, kwa lugha ninayoweza kuielewa, ubongo una sehemu gani na kila moja inafanya kazi gani, ili nijue haya yanatoka wapi. Mwanangu anayesoma sekondari anasema huenda ni ubongo mdogo, kwa kuwa ndio unaoshughulikia mizani ya mwili. Wifi yangu mmoja anasema binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo, kwa hiyo ile 90 iliyolala itaamka na kushika kazi. Je, anafanya makusudi? Atapona? Na anadai funguo za gari kila siku, nimpe?

Mke mwenye mashaka

JIBU

Mpendwa dada,

Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri maelezo: usimpe funguo. Mtu aliyepotewa na upande mmoja wa dunia hatamwona mtoto anayevuka barabara akitokea kushoto, na akiulizwa baadaye ataapa kwa moyo mweupe kwamba barabara ilikuwa tupu. Ziweke mahali asipoweza kuzifikia, na umwombe daktari wake amwambie yeye mwenyewe kwamba haruhusiwi kuendesha hadi atakapopimwa, ili ugomvi huo usiwe wako.

Swali la kama anafanya makusudi nalo nitalijibu kabla ya mengine. Hafanyi makusudi. Sahani iliyoliwa nusu, shavu lisilonyolewa, mkono anaoukana, ukaidi wa kudai kwamba anatembea, na hata sauti iliyokauka, ni mambo ambayo madaktari wa mishipa ya fahamu wameyaona yakiandamana kwa zaidi ya miaka 100 kwa watu walioumia mahali hapo hapo ulipotajiwa. Mimi sikumpima mumeo, na daktari wake ndiye mwenye kauli ya mwisho, lakini barua yako ingeweza kuwekwa mbele ya mtaalamu yeyote wa kiharusi naye akataja upande ulioumia kabla hajafika kwenye mstari unaoutaja.

Sasa ubongo wenyewe. Wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, yaani karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili unatumia ukiwa umetulia. Ulaji huo mkubwa hauna akiba: seli zikikosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache, ndiyo maana mshipa mmoja ulioziba kabla ya mapambazuko ulitosha kubadilisha maisha yenu.

Chini kabisa, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna shina la ubongo. Hilo husimamia kupumua, mapigo ya moyo, kumeza, na kuwa macho au kulala. Kwa maelezo yako, la mumeo liko salama. Nyuma ya shina hilo, chini ya kisogo, kuna ubongo mdogo, na mwanao hakukosea kuuhusisha na mizani, kwa kuwa ndio unaoratibu miondoko ili iwe laini na ifike inapokusudiwa. Lakini aliyeumia hapo huyumba akitembea, mkono wake hutetemeka anapoufikisha kwenye kikombe, na maneno yake huvutana. Zaidi ya yote, anajua kwamba anayumba na hushikilia ukuta. Mumeo hayumbi. Anaanguka kwa sababu anainukia mguu usiomwitikia, na hana habari kwamba haumwitikii. Mpongeze mwanao kwa kusoma, kisha mwambie atafute juu zaidi.

Ndani kabisa ya ubongo mkubwa kuna viungo vidogo ambavyo nitavipitia kwa haraka. Thalamasi ni kituo ambacho karibu habari zote za hisia hupitia zikienda juu. Haipothalamasi hutunza joto la mwili, njaa, kiu na homoni. Amigdala hushughulika sana na hofu na mambo mengine yanayotugusa moyo. Hipokampasi ndiyo inayotuwezesha kuweka kumbukumbu mpya, jambo lililodhihirika kwa Henry Molaison, Mmarekani ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kifafa uliomwondolea sehemu kubwa ya viungo hivyo pande zote mbili: hadi alipofariki mwaka 2008 aliweza kuzungumza nawe vizuri, ukatoka chumbani, ukarudi baada ya dakika chache asikujue. Mumeo anakumbuka wageni wa jana na maneno yao, kwa hiyo hapo pia hapana shida.

Tunabaki na ubongo mkubwa wenyewe, ule wenye mikunjo unaochorwa vitabuni. Umegawanyika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, na kila nusu huendesha upande wa pili wa mwili, kwa sababu nyuzi nyingi zinazopeleka amri kwenye misuli hukatizana zinaposhuka kwenye shina la ubongo. Ndiyo sababu nusu ya kulia iliumia na mkono wa kushoto ukalegea. Kila nusu ina sehemu kuu nne zinazoonekana kwa nje. Ya kisogoni hupokea kuona. Ya pembeni, karibu na sikio, hupokea sauti na kutusaidia kutambua nyuso na vitu. Ya mbele, nyuma ya paji la uso, hupanga, huanzisha, hujizuia, na ukingo wake wa nyuma ndio unaoamrisha misuli. Ya nne, iliyo juu kuelekea nyuma, ambayo madaktari huiita parieti, hupokea hisi za ngozi na viungo na kutengeneza picha ya mwili ulivyo na dunia iliyouzunguka. Hapo ndipo mumeo alipoumia zaidi.

Kabla sijaingia hapo, niseme jambo kuhusu wageni wenu. Kwa watu wengi mno wanaotumia mkono wa kulia, lugha hukaa nusu ya kushoto. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alianza kulionyesha hilo kwa mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, “tan”, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa na jeraha sehemu ya mbele upande wa kushoto. Tangu hapo, na hata kabla, watu tumekuwa tukiupima ubongo kwa ulimi. Aliyeumia kushoto huonekana amepoteza akili hata kama anaelewa, na aliyeumia kulia huonekana mzima hata kama hajui ana mikono mingapi. Kwa maoni yangu huu wa pili ndio mtihani mgumu zaidi kwa familia, maana mgonjwa mwenyewe ni shahidi fasaha dhidi yako.

Sehemu ya parieti ya upande wa kulia ina wajibu mkubwa katika kugawa uangalifu. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayakubali ni kwamba nusu ya kushoto ya ubongo huangalia hasa upande wa kulia, ilhali nusu ya kulia huangalia pande zote mbili. Ikiumia ya kushoto, ya kulia inaziba pengo. Ikiumia ya kulia, anabaki mlinzi mmoja anayetazama kulia tu, na upande wa kushoto hauna mwenyewe. Si upofu. Mtu aliyepoteza uwezo wa kuona upande mmoja hugundua na kugeuza shingo ili kufidia, lakini mumeo hageuzi shingo kwa sababu kwake hakuna kitu kinachokosekana. Haachi nusu ya sahani, amemaliza sahani. Ndiyo maana analalamika kwamba umempunja, na ndiyo maana ukiizungusha anaona umemwongezea.

Kuna majaribio mawili ambayo ningependa uwasimulie mawifi zako. Mwaka 1978 watafiti wa Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, waliwaomba wagonjwa wawili wa Milan wenye hali hii wauone uwanja wa kanisa kuu la mji huo katika fikra zao, kana kwamba wamesimama wakilielekea kanisa, na wataje majengo yaliyouzunguka. Walitaja ya kulia, wakaacha ya kushoto. Kisha wakaombwa wajifikirie wamesimama kwenye ngazi za kanisa, wakiutazama uwanja kutoka upande wa pili. Sasa wakataja yale waliyoyaacha, wakaacha yale waliyoyataja dakika chache kabla. Majengo yote walikuwa nayo kumbukumbuni, lakini kilichokuwa kushoto kilipotea hata kwenye picha ya kichwani, ambako macho hayana kazi yoyote. Mtu hawezi kulidharau jengo.

La pili ni la mwaka 1988, la John Marshall na Peter Halligan wa Uingereza. Walimwonyesha mgonjwa mwanamke michoro miwili ya nyumba iliyofanana kwa kila kitu, isipokuwa mmoja ulikuwa na moto unaotoka upande wa kushoto. Akasema nyumba zote ni sawa. Alipoulizwa angependa kuishi katika ipi, aliliona swali kuwa la kipuuzi, lakini mara nyingi alichagua ile isiyoungua. Kwa hiyo yapo mambo ya kushoto yanayoingia ubongoni bila kufika kwenye ufahamu. Salamu uliyomtolea umesimama kushoto kwake huenda iliingia, ila haikufika pale ambapo mtu husema, “Mke wangu ananisalimu.”

Kuhusu mkono na madai ya kutembea: mwaka 1914 daktari Joseph Babinski, aliyefanya kazi Paris, alieleza wagonjwa waliopooza upande mmoja, wengi wao wa kushoto, ambao hawakujua au hawakukubali kwamba wamepooza. Sisi wengine tunajua mkono uko wapi bila kuutazama kwa sababu taarifa zake zinafika mfululizo na kulinganishwa na amri tulizoutumia. Taarifa zikikatika, na mahali pa kulinganisha napo pakiumia, ubongo hautangazi kwamba haujui. Unatunga jibu linaloelekea kuwa na maana, nalo mgonjwa analiamini. Mkono ulio kitandani, ambao hausikiki kuwa wake, lazima uwe wa mtu fulani, basi akamtaja ndugu yake. Ni jambo la kuogofya kulisikia, lakini halina uhusiano na pepo wala wazimu.

Kama bado wapo wanaosema anajifanya, kuna ushahidi wa ajabu kuliko yote. Katika miaka ya 1980 na 1990, watafiti waliona kwamba maji baridi sana yakimiminwa katika sikio la kushoto la baadhi ya wagonjwa wa namna hii, yakachochea mishipa ya mizani, mgonjwa hukiri kwa muda mfupi kwamba mkono ni wake na umepooza, kisha athari ikiisha anarudi kuukana. Mwongo hawezi kuponywa uongo wake kwa maji ya sikioni. (Tafadhali msijaribu nyumbani, huleta kizunguzungu kikali na kutapika, na faida yake haidumu.)

Sauti kavu na machozi yako kutoonekana vinatoka kwa jirani wa sehemu hiyo. Nusu ya kulia hubeba sehemu kubwa ya ile kazi ya kupandisha na kushusha sauti kwa hisia, na ya kusoma hisia kwenye uso na sauti ya mwingine. Alipokuomba uongeze sauti ya redio hakuwa ameyapuuza machozi yako; aliuona uso uliolowa bila kupata maana yake. Tangu sasa mwambie kwa maneno kamili: “Ninalia kwa sababu nimechoka na nimeumia.” Lugha yake ni nzima, kwa hiyo mpitishie habari kwa mlango huo. Ama kukaa kutwa bila kuanzisha jambo na kufoka ghafla, hayo mara nyingi hutokea njia zinazoiunganisha sehemu ya mbele ya ubongo zinapoguswa. Lakini hapa nina tahadhari: karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo hujificha vizuri kwa mtu ambaye sauti yake ilikwisha kauka. Muulize daktari kuhusu hilo kwa jina lake, kwa sababu ina tiba.

Wifi yako na asilimia 10 zake nitawajibu kwa kifupi, kwani madai hayo yamezunguka dunia nzima na hayana msingi. Picha za ubongo unaofanya kazi zinaonyesha kwamba katika siku ya kawaida tunatumia sehemu zote, ingawa si zote kwa nguvu moja kwa wakati mmoja. Kama asilimia 90 ingekuwa imelala, viharusi vingi visingemdhuru mtu. Kilicho kweli katika maneno yake ni kwamba ubongo hujifunza upya: seli zilizokufa hazirudi, lakini zilizo jirani, ambazo tayari zina kazi zao, zinaweza kuongezewa kazi. Hazifanyi hivyo kwa kusubiriwa. Hufanya hivyo kwa mazoezi yanayorudiwa hadi yachoshe.

Hapo ndipo jibu la kama atapona lilipo. Nafuu ya haraka zaidi huja katika miezi 3 ya mwanzo, uvimbe unapopungua na seli zilizozimia zinapozinduka. Mmeupita muda huo, lakini mwezi wa nne si mwisho. Kuukana mkono na kukana kupooza, kwa wengi, hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Kupotewa na upande wa kushoto nako hupungua, ingawa mara nyingi hubaki kivuli chake kinachojitokeza mgonjwa akichoka au akiwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Phineas Gage, yule mfanyakazi wa reli wa Marekani ambaye mwaka 1848 fimbo ya chuma ilimpenya sehemu ya mbele ya ubongo, husimuliwa kila mahali kama mtu aliyebadilika tabia milele. Wasimulizi wengi husahau kwamba baadaye alifanya kazi kwa miaka kadhaa Chile akiendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kazi isiyofanywa na mtu aliyeharibika kabisa. (Usimsomee mumeo sentensi hiyo, farasi wana macho yao, gari halina.)

Nyumbani, tofautisha usalama na mazoezi, kwa sababu familia nyingi huvichanganya. Kila anachokihitaji kwa dharura, kama maji, simu, kengele ya kukuita na miwani, kiwe kulia kwake siku zote. Asiachwe peke yake akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na kama ana kiti cha magurudumu, breki ya kushoto ikaguliwe na mtu mwingine, kwa kuwa ndiyo atakayoisahau. Mazoezi ndiyo yaende kushoto. Anza mazungumzo ukiwa kulia, macho yake yakishakushika sogea pole pole kuelekea mbele yake, kisha kidogo kushoto, na akikupoteza rudi ulipokuwa bila kumlaumu. Kumwambia “tazama kushoto” husaidia kidogo tu, maana kwake kushoto kumeshaisha pale macho yake yalipoishia. Mpe kitu cha kutafuta: bandika utepe mwekundu ukingoni mwa kushoto mwa sahani au ukurasa, na umfundishe kwamba hajamaliza hadi auone utepe. Wakati wa kunyoa, aupapase uso wote kwa mkono wa kulia na kutafuta penye ndevu, kwa sababu vidole vyake vya kulia ni waaminifu kuliko kioo.

Mkono wa kushoto usivutwe kamwe, hata wakati wa kumvisha, kwa kuwa bega lisilo na nguvu ya misuli huchomoka kwa urahisi. Uegemezwe juu ya mto, mbele yake, anapoweza kuuona, na mkono uliopooza ndio utangulie kuingia kwenye shati. Anapoukana, usibishane naye na usimkubalie. Sema tu kwamba unamwosha mkono wake wa kushoto, uendelee na kazi. Waombe wataalamu wa tiba ya viungo wamwone kwa hali hii hasa, wakizingatia kwamba mtu asiyejua kuwa anaumwa huonekana mvivu wa mazoezi. Waulize pia kuhusu miwani ya prizimu, inayosogeza picha kuelekea kulia wakati mgonjwa anafanya mazoezi ya kugusa shabaha; watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 1998 kwamba inaweza kuurudisha uangalifu kushoto kwa muda. Matokeo yake hutofautiana sana kwa wagonjwa, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Yote niliyoyasema yanaeleza tabia yake, lakini hayakulazimishi kuvumilia kila kitu. Akifoka, toka chumbani baada ya kumwambia sentensi moja fupi, urudi akitulia. Akiinua mkono wa kulia, ambao una nguvu zake zote, hilo ni jambo la kumweleza daktari siku hiyo hiyo. Nawe upate mtu wa kukupokea zamu, kwa sababu kumwangalia mtu anayekana kwamba anahitaji kuangaliwa kunachosha kuliko kumbeba.

Mawifi zako usiwashawishi kwa hoja. Mwombe mtaalamu wa hospitali afanye kipimo chake mbele yao, kwa ridhaa ya mumeo: atamtaka achore saa, na huenda namba zote 12 zikasongamana upande wa kulia, atampa mstari aukate katikati, naye ataukata karibu na mwisho wa kulia. Vinginevyo, mara watakapokuja tena, wewe keti kulia, wao uwapangie viti vya kushoto.

La mwisho ni dawa. Aliyewahi kupata kiharusi yuko katika hatari ya kupata kingine, na mtu anayejiona mzima haoni sababu ya kumeza dawa za shinikizo la damu wala za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo uzisimamie wewe. Ukiona uso umepinda zaidi, mkono au mguu uliokuwa mzima umelegea, maneno yamekwama, au ametokewa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, mkimbize hospitali bila kumwuliza anajisikiaje, maana atakuambia hana lolote.